Nyumba Inayohesabu Jumapili

Mimi nilikuwepo. Naanza na hilo kwa sababu hapa Kericho kuna watu wanaosimulia habari ya Zacheus Onsongo na mkebe wa mkewe kana kwamba wao ndio waliokaa pale, na siku yenyewe walikuwa kwao wanapalilia wimbi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mwaka wa hamsini na nane, ukungu umeshaondoka juu ya mashamba ya chai lakini baridi imekataa kuondoka nao. Benchi lilikuwa mbele ya chumba cha fundi wa nguo, upande wa juu wa soko, limepigiliwa kwa mbao za masanduku ya chai, na maandishi meusi ya sanduku hayakuwa yamefutika, hivi kwamba kila mzee alikuwa na namba yake ya kukalia. Ukiwa hapo unaliona soko lote chini, unaona dirisha la kijani la ofisi ya nyumba, na nyuma yake mstari wa zile nyumba ishirini za mkopo, mabati yanang'aa. Tulikunywa kahawa. Mtu aliyenusa majani ya chai wiki nzima, Jumamosi utampa chai tena? Niliyoyaona niliyaona, niliyoyasikia niliyasikia, na Zacheus alichokuwa akikiwaza kilikuwa wazi usoni mwake kama tangazo la mnada.

Alifika saa nne, amebeba mkebe kwapani. Hilo peke yake lilitosha kumchekesha mtu, maana Zacheus alikuwa fundi wa moto kiwandani, mtu wa kulisha tanuri la kukaushia chai, mikono imekomaa kama gome, na saa nne ya Jumamosi alitakiwa awe mbele ya tanuri lake. Badala yake alikuwa amekumbatia mkebe wa siagi uliobanduka rangi.

Aliyeanza ni Joram Irungu, mwenye chumba, ambaye sisi tulimwita Sindano kwa kazi yake na pia kwa mdomo wake.

— Zacheus, umetumwa mafuta ya taa?

— Huu ni mkebe wa nyumba. Nimeuchukua.

— Umeuchukua kwa nani?

— Kwa Mama Drusilla.

Benchi likacheka kwa pamoja. Ndiyo mara ya kwanza tulijua. Kumbe miaka mitatu yote, tangu apewe funguo za ile nyumba ya kulipia kidogo kidogo, Zacheus alikuwa akipokea mshahara, anatoa shilingi ishirini na nne za nyumba, anaziweka kwenye mkebe, na mkewe Yunia ndiye anayeuchukua kwenda dirishani kulipa. Alijitetea kwamba dirisha hufunguliwa wakati yeye yuko kwenye moto. Sindano akamwambia hata kanisa hufunguliwa watu wakiwa na usingizi na bado huenda.

Zacheus alimeza hilo. Kilichomleta kilikuwa kizito kuliko kicheko. Alitoa barua mfukoni, akaisimulia vile mwalimu wa kanisa alivyomsomea: mwezi wa tano haujalipwa, na usipolipwa kabla ya saa sita ya Jumamosi hii, nyumba itatiwa kufuli na kupewa mtu mwingine aliye kwenye orodha. Miaka mitatu ya jasho, na watoto wanne, nje.

— Na mimi nilitoa, akasema. Nilitoa kama siku zote. Hii barua imetoka wapi?

Swali hilohilo alikuwa amemuuliza Yunia asubuhi. Alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, shuka mabegani, maana ndiyo kwanza ameinuka baada ya wiki tano za homa na kifua. Yunia hakupiga kelele wala hakulia. Alimwambia, "Hii nyumba inahesabu Jumapili, Baba Drusilla. Wewe huzihesabu." Zacheus alikuwa amekosa kanisa Jumapili mbili, akaona mwanamke anageuza mambo ya pesa kuwa mahubiri. Hasira ikampanda. Alichukua mkebe juu ya kabati, na Yunia hakuinua mkono kumzuia. Alisema tu, "Saa sita, usisahau." Basi ndivyo alivyotufikia, na ndani ya mkebe mna shilingi ishirini na nne za tiketi yake ya kazi iliyojaa juzi, na kuinunulia nyumba yake uhai kulibaki saa mbili.

Sasa, mtu mwenye akili angeshuka moja kwa moja mpaka dirishani. Lakini aliyekwisha kuchekwa hashuki mpaka kwanza acheke na yeye. Akaketi. Akaagiza kahawa.

Mwenye birika alikuwa mzee Gekara, aliyejiita Sajini. Alisema alipigana Abisinia wakati wa vita na huko ndiko alikojifunza kahawa. Waliokwenda naye walisema alipika maharagwe. Akammiminia Zacheus, akamtazama kwa huruma kama anayemtazama mtu wa hospitali.

Sindano alikuwa na jibu tayari. Pesa imepotelea jikoni. Yeye anashona nguo za wake za watu, anawajua: mke analeta kitambaa cha yadi tatu anakwambia ni mbili, iliyobaki anarudi kuitafuta kesho mumewe akiwa kazini. Yunia hununua unga ambao hata kuku wanaugeukia mgongo, alisema, na tofauti anaiweka. Zacheus aliukumbuka ugali wa wiki iliyopita. Ulikuwa mweusi kidogo. Akakunja uso.

Kipkemoi hakuridhika na jikoni. Huyu tulimwita Jaji, kwa sababu hakuna kesi iliyosikilizwa kwenye baraza asiyokwenda kuisikiliza, ingawa hajawahi kuitwa hata kuwa shahidi. Aliomba mkebe, akafungua. Chini ya noti na sarafu mlikuwa na rundo la risiti limefungwa kwa uzi wa mgomba. Akalifungua pole pole, kama anayevua kilemba cha mtu, akahesabu kwa sauti moja moja akizilaza juu ya benchi. Thelathini na tano.

— Unaona hapa chini? Huu mkono ni wa nani?

— Wa Yunia. Anajua kuandika jina lake.

— Thelathini na tano, zote mkono wake. Huko kortini mwenye nyumba ni karatasi. Hii nyumba ikiisha kulipwa, wewe utakuwa mpangaji. Utabisha hodi na kodi mkononi.

Hapo Zacheus aliumia. Alisema hakuna mtu wa kumfundisha kulipa. Tangu aingie nyumba ile amejaza na kulipwa tiketi ishirini na tisa kabla ya hii iliyojaa juzi, kadi zake zote ziko chini ya godoro, na kwa kila tiketi ametoa ishirini na nne, hajaruka hata moja, hata ile ya mwaka mtoto alipokufa. Aliyasema hayo kifua mbele. Namba zote mbili zikakaa pale juu ya benchi, ishirini na tisa na thelathini na tano, kama majirani wasiosalimiana, na vichwa vyetu vyote pale havikuziona.

Sajini akasema nyinyi mnacheza na vitu vidogo. Abisinia alimwona mwanamke aliyeelewana na karani, wakawa wanaandika barua za kumtisha mume, mume anatetemeka anaongeza pesa, nao wanagawana nusu kwa nusu. Barua kama hii hii. Muhuri kama huu huu. Kwa hiyo, Zacheus, tafuta mkebe wa pili.

Jaji akasema mkebe wa pili ni mdogo, atafute nyumba ya pili. Iko Kisii, imeandikwa jina la shemeji yake. Alikuwa ameona kesi kama hiyo.

Sindano akauliza ndizi zinakuja na nini. Maana Yunia alikuwa na biashara yake, kama hiyo ni biashara: kila Jumanne anateremsha ndizi kutoka kwenye basi la Kisii, anaziuza sokoni na kwenye laini wanakolala wafanyakazi wa kampuni.

— Ndizi ni za chumvi na sabuni tu, Zacheus akasema, na akapunga mkono kama anayefukuza nzi.

— Nauliza zinakuja na nini.

— Na basi.

— Na nauli ya ndizi hulipa nani? Umewahi kumwona akilipa?

Zacheus hakuwahi. Basi kahawa ilipozunguka mara ya pili, Yunia wa watu, aliyekuwa chini sokoni na kikohozi chake na mkungu mmoja wa ndizi, alikuwa amekwisha kupata mkebe wa pili, nyumba ya mawe huko Kisii, na nusu ya basi. Ingezunguka mara ya tatu angemiliki mpaka dereva. Na Zacheus anaitikia kichwa tu. Alikuwa anauona mkono wa mkewe ukipokea nauli za abiria.

Ndipo akazungumza Mizani. Huyu alikaa mwisho wa benchi, kwenye mbao iliyovunjika. Tulimwita hivyo kwa sababu alidai anaweza kukwambia uzito wa ng'ombe kwa macho, ingawa mwenyewe hakuwahi kukaa na ng'ombe zaidi ya wiki moja. Alikuwa kimya muda wote, akiutazama mkebe kama anavyotazama fahali. Akasema kwa upole kwamba mambo ya Yunia ni ya baadaye, leo kuna nafasi. Kuna fahali huko Chebunyo, mwekundu, mwenye nundu, na mwenyewe ana shida ya mahari na anataka pesa kabla ya jioni. Anakosekana mtu mmoja tu wa kutoa ishirini na nne. Jumanne fahali yuko Kericho kwa mwenye bucha, na Zacheus anapokea arobaini na nane. Ishirini na nne anaitupia ofisi, ishirini na nne anakaa nayo, na hiyo ndiyo pesa ya kwanza katika miaka mitatu ambayo mke wake haijui.

— Ofisi inafunga saa sita leo, Zacheus akasema.

— Ofisi ni karatasi. Wataandika barua nyingine.

— Wamesema kufuli.

— Umewahi kuona barua ikifunga mlango?

Zacheus alitazama chini kwenye mabati. La nne kutoka mwisho lilikuwa lake. Alikumbuka usiku wa kwanza chini ya bati hilo, mvua ya mawe inapiga mpaka watu hawasikilizani, na watoto wanacheka kwa sababu hakuna tone lililopenya. Alisita. Na kama asingeongezewa neno, nadhani angesimama. Lakini Mizani alimjua mtu mwenye haya anavyosukumwa.

— Ama nenda kwanza umwulize Mama Drusilla kama anakuruhusu.

Benchi likacheka. Zacheus akaupindua mkebe juu ya goti la Mizani. Mizani akahesabu mara moja tu, haraka, akatia mfukoni, akafunga kifungo. Risiti zilibaki pale kwenye mbao, zimebanwa na kikombe zisipeperuke. Ilikuwa yapata saa tano unusu.

Sasa pesa zikiwa tayari zimelala kwenye mfuko ule, akatokea mtu barabarani na blanketi limekunjwa begani na kikombe cha bati kinaning'inia kiunoni. Mtu mzima, mvi zimeanza kidevuni, viatu ameshika mkononi ili visichakae. Akatusalimu vizuri, akasema jina lake ni Orina, ametoka upande wa Nyamira kwa miguu, anatafuta mahali pa kuandikishwa kazi ya chai. Ameambiwa kazi ni ya tiketi, na hajui tiketi ni kitu gani.

Tulimcheka, bila shaka. Mtu wa umri ule hajui tiketi. Zacheus ndiye aliyefurahi zaidi, kwa sababu asubuhi nzima hakuwa amejua kitu na sasa amepata mjinga zaidi yake. Akamsogezea nafasi, akamfundisha kwa sauti ya mwalimu. Tiketi ni kadi yenye vyumba thelathini. Kila siku unayofanya kazi nyapara anatia alama kwenye chumba kimoja. Vyumba vyote vikijaa, unalipwa. Jumapili haina alama. Ukiugua, hakuna alama. Mvua ya mawe ikipiga na kazi ikisimama, hakuna alama.

— Na leo je? Orina akauliza.

— Leo niko hapa na wewe. Hakuna.

— Kwa hiyo mtu huijaza kwa siku ngapi?

— Thelathini na tano, thelathini na sita. Mwezi mbaya, arobaini.

Orina akashukuru. Gekara akampa kahawa ya mkopo kwa kuwa alikuwa mtu wa kwao. Na Jaji, ambaye hawezi kukaa na kesi bila kumsomea mgeni, akamweleza yote: barua, mkebe, tiketi ishirini na tisa za jasho la mume, risiti thelathini na tano za mkono wa mke, mpaka kwenye basi. Orina alisikiliza, kikombe mdomoni, hanywi. Hakucheka mahali pa kucheka. Jaji alipomaliza, akaweka kikombe chini.

— Baba, samahani. Umetoa kwa tiketi ishirini na tisa?

— Ishirini na tisa.

— Na risiti ni thelathini na tano?

— Nimezihesabu mimi mwenyewe, Jaji akasema.

— Basi hizo sita alilipa nani?

Sindano akaanza kutafuta uzi ambao ulikuwa shingoni mwake. Jaji akazichukua risiti akazihesabu tena, midomo inacheza, zikawa thelathini na tano. Akazihesabu kwa kuanzia chini. Thelathini na tano. Sajini akainamisha birika juu ya kikombe chake mwenyewe, likatoa matone mawili na mvuke. Watu waliokuwa wamempa mwanamke mmoja nyumba mbili na basi kwa asubuhi moja, sasa hakukuwa na wa kumpa hata neno.

Zacheus hakuuliza tena. Nilimwona akiyapanga usoni, moja baada ya jingine. Kadi yake inaruka Jumapili, inaruka mvua, inaruka homa. Dirisha la kijani haliruki kitu, linadai kila mwezi wa kalenda. Aliikumbuka kalenda ya misheni, yenye Jumapili nyekundu, ambayo Yunia alimletea mwaka wa kwanza akataka amwonyeshe kitu, naye akamwambia kwamba yeye ni mtu wa kazi, hafundishwi siku na karatasi, aibandike pale ukutani penye ufa. Bado iko penye ufa. Akakumbuka wiki tano za kikohozi, ndizi zimeiva zikaozea guniani chini ya kitanda, na yeye akilalamika harufu. Na barua ya kwanza katika miaka mitatu imekuja baada ya wiki hizo tano, si kabla.

Akanyoosha mkono kwa Mizani, kiganja juu.

— Lete.

— Zacheus, yule fahali...

— Lete.

Kile kiganja kilikuwa kimezoea kushika chuma cha moto. Mizani alifungua kifungo.

Zacheus akarudisha pesa mkebeni, akakusanya risiti, akazifunga kwa uzi wake wa mgomba, akateremka. Mizani alimfuata hatua kumi nyuma, fahali bado yuko mdomoni, akidhani labda mtu atabadili mawazo njiani. Hakubadili. Alikwenda mpaka upande wa wauza ndizi. Yunia alikuwa ameketi juu ya gunia, shuka mabegani, mkungu mmoja mbele yake, na ameuza kidogo sana. Aliuona mkebe kabla ya kumwona mume. Zacheus akauweka mapajani mwake.

— Nenda wewe. Karani anakujua.

Yunia aliufungua, akatazama ndani, akafunga.

— Na hizi ndizi?

— Nitakaa nazo.

Alimtazama kwa muda, kama anayesubiri mahubiri. Hayakuja. Basi akaweka mkono gotini, akainuka, akapita katikati ya soko pole pole, anasimama kukohoa, anaendelea. King'ora cha kiwanda kilipolia saa sita mkebe ulikuwa tayari juu ya ubao wa dirisha, na karani ameshika kalamu.

Fundi wa moto akachuchumaa nyuma ya mkungu. Wachumaji walikuwa wanatoka kazini sasa, wanapita makundi makundi, na kila kundi lilimpa neno lake. Wanawake wa ndizi walifunika midomo kwa kanga. Hakuhama. Hata bei hakuijua, maana miaka mitatu hakuwahi kuiuliza. Mnunuzi wake wa kwanza alikuwa Mizani, ambaye alikuwa bado amesimama pale hajui pa kuweka macho. Aliomba ndizi moja. Soko zima lilijua ni senti tano. Zacheus alimtazama, akamwambia senti kumi, naye akalipa, akaila hapo hapo bila kuchagua.

Yote niliyoyasema ni kweli isipokuwa jambo moja nililolitunga. Pale benchini hakujawahi kukaa mtu anayeitwa Mizani. Mfuko wenye kifungo ulikuwa wangu, na ile ndizi ilikuwa bado mbichi.